Mtihani wa Mkanda Mweusi: Wasomaji wa Nyanda za Juu Wanauliza

Toleo hili tumelitenga kwa karate. Barua zilizofika zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Mafinga, na nyingi zinauliza kuhusu mtihani wa shodan, dan ya kwanza ya mkanda mweusi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mtu mwingine mwenye shida hiyohiyo.

*Shikamooni walimu. Mimi ni mkanda wa kahawia, nacheza Shotokan hapa Mwanjelwa. Mwalimu ameniambia nitaingia mtihani baada ya miezi minne. Nikiuliza kinachofanyika siku hiyo kila mtu ana lake. Wengine wanasema ni kupigana tu, ukishinda umepita. Naomba maelezo na namna ya kujiandaa.* — Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya

Marahaba. Anayekwambia ni kupigana tu hajawahi kukaa karibu na meza ya watahini. Mtihani wa shodan wa Shotokan una sehemu tatu: kihon (mbinu za msingi), kata (miondoko iliyopangwa unayoifanya peke yako) na kumite (kupambana na mwenzako). Kumite ndiyo inayoogopwa zaidi, lakini wengi huanguka kwenye kihon, tena ndani ya dakika tano za mwanzo, watahini wakiwa bado na macho mapya.

Kabla ya yote mwombe mwalimu karatasi ya silabasi ya chama chenu. Vyama vinatofautiana kwa mpangilio wa mbinu, umri wa chini na muda wa kusubiri kutoka kahawia. Video ya chama cha nchi nyingine inaweza kukufundisha mfululizo ambao hutaulizwa kabisa.

Kwa kawaida kihon huanza na sanbon-zuki: hatua moja mbele na ngumi tatu, ya kwanza usoni, mbili tumboni. Hufuata mifululizo ya kukinga na kujibu, kama age-uke (kukinga juu) ikifuatiwa na mae-geri (teke la mbele) na gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma). Soto-uke (kukinga kutoka nje kwenda ndani), kisha unahama kwenye kiba-dachi (msimamo wa mpanda farasi) kupiga kiwiko. Shuto-uke (kukinga kwa ubavu wa kiganja) kwenye kokutsu-dachi (msimamo wa uzito nyuma), teke la mguu wa mbele, kisha nukite (pigo la ncha za vidole). Halafu mateke: mae-geri, mawashi-geri (la kuzungusha), na yoko-geri (la pembeni) ya aina mbili, keage inayorushwa na kurudi na kekomi inayosukuma.

Makosa yanayoangusha ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kichwa kupanda na kushuka kila hatua. Ukisimama kwenye zenkutsu-dachi (msimamo mrefu wa mbele) goti la mbele limekunjwa, na mguu wa nyuma unapopita katikati magoti yote mawili hubaki yamekunjwa vilevile. Aliyechoka hunyoosha goti la mbele ili apumzike anapopita, kichwa kinapanda, na mpinzani anaona hatua kabla haijafika. Dawa yake ni rahisi: funga kamba ya katani kati ya nguzo mbili, iguse nywele zako ukiwa umesimama kwenye zenkutsu-dachi, kisha tembea chini yake kwenda na kurudi. Ikikugonga utosini utajua ni hatua ipi.

La pili ni nyonga kuzunguka mapema. Kwenye gyaku-zuki mguu hutua kwanza, nyonga huzunguka, ngumi hufika mwisho, ila vyote vimefuatana kwa karibu mno hata mtazamaji aone kitu kimoja. Nyonga ikitangulia mguu, ngumi hufika wakati mwili umeshamaliza nguvu, na unachopiga ni mkono mtupu. Mara nyingi kosa hili huja pamoja na kisigino cha nyuma kunyanyuka.

La tatu ni mkono unaorudi, hikite. Watu huutupa ule mkono mwingine mpaka ubavuni na kuusahau, kiwiko kikatanuka nje kama mtu aliyebeba ndoo. Ngumi irudi juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kiwiko kikisugua mbavu, na ifike wakati uleule mwenzake anapogonga.

Kosa la mwisho si la mwili. Mtahini hutaja mfululizo mara moja, pengine kwa haraka, nanyi mko watu wanne au watano mstari mmoja. Aliyekosea jina la mbinu huonekana papo hapo kwa sababu mwili wake unafanya kitu tofauti na wenzake. Kwa hiyo mazoezi ya nyumbani yawe na mtu wa kukusomea amri bila kukupa nafasi ya kufikiri, na usianze kabla ya "hajime" (anza). Kwenye kugeuka baada ya "mawatte" (geuka) watu husahau kutazama kwanza upande wanaokwenda; geuza kichwa, kisha mguu, kisha mwili.

Miezi minne uliyopewa ni kama wiki 16. Wiki sita za mwanzo fanya kihon polepole, siku tatu kwa wiki, kila mfululizo mara kumi kila upande bila nguvu, ukirekebisha miguu tu. Siku mbili nyingine weka nguvu za mwili: skwati, pushapu, kuruka kamba, kupanda mlima. Mbeya hamkosi mlima. Kuanzia wiki ya saba ongeza kasi na uunganishe na kata. Kila Jumamosi ya pili fanya mtihani wa majaribio mzima, kuanzia salamu hadi kumite, bila kusimama kunywa maji. Weka simu kwenye kiti, usawa wa kiuno, mita nne pembeni yako, irekodi. Pembeni ndiko miguu inakosema ukweli. Picha ya mbele humsifu kila mtu. Wiki ya mwisho punguza mazoezi kwa nusu, na siku mbili kabla ya mtihani pumzika kabisa. Anayejifua mpaka jana yake huingia na mapaja mazito, halafu hushangaa msimamo unapanda.

*Habari za kazi. Nimepewa uhuru wa kuchagua kata. Mimi ni mfupi, nina kasi lakini sina nguvu nyingi. Niende na Bassai-dai au Kanku-dai? Mwenzangu ananishauri Jion kwa sababu ni rahisi.* — Dada wa Kihesa, Iringa

Dada, huyo mwenzako anakupoteza. Jion yenye miondoko 47 inaonekana rahisi kwa sababu imejengwa kwa mbinu za msingi tupu, na hapo ndipo ilipo hatari yake: hakuna pa kujificha. Kila zenkutsu-dachi fupi na kila goti lililolegea huonekana. Jion inamfaa mtu mzito mwenye miguu imara.

Kanku-dai ina miondoko 65 na ndiyo ndefu kuliko zote unazoweza kuchagua kwa shodan. Inataka wepesi wa kubadili mwendo, ina sehemu ya kujitupa chini mikono ikigusa sakafu, na karibu na mwisho ina teke la kuruka. Kwa umbo lako ni nzuri, ila tu kama pumzi inakufikisha mwisho bila miondoko kumi ya mwisho kuanza kuburuzika. Kama haikufikishi, chukua Bassai-dai ya miondoko 42.

Ukiichukua, pima sehemu hizi. Unaingia kwa kuruka mbele na kutua miguu imepishana, kosa-dachi, uzito wote kwenye mguu wa mbele, na mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia kwenye uchi-uke (kukinga kutoka ndani kwenda nje). Wengi hutua wakiwa wameinamia mbele, na kuanzia hapo mwili unayumba kwa miondoko mitatu inayofuata. Kuruka huko kuende mbele, kusiende juu.

Halafu kuna ngumi mbili za yama-zuki, zinazokuja mara tatu mwishoni. Ya juu hulenga uso, ya chini hulenga tumbo, na zote mbili zinatakiwa zifike kwenye mstari mmoja wa wima. Simama mbele ya ukuta, piga polepole: ngumi zote mbili ziguse ukuta pamoja. Kama ya juu inafika kwanza, umeegemea mbele. Kama ya chini inafika kwanza, umeegemea nyuma. Fanya hivyo jioni moja tu na utaelewa zaidi kuliko kuimaliza kata mara hamsini.

Usisahau kwamba watahini wa vyama vingi hukutajia na kata nyingine ya chini, moja kati ya Heian tano au Tekki Shodan, hapohapo bila kukuandaa. Watu wanaopiga Bassai-dai safi hukwama kwenye Heian Yondan kwa sababu hawajaigusa tangu mkanda wa zambarau. Kila wiki pitia zote sita, hata mara moja moja.

*Hapa Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi inauma. Tunaanza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, sakafu ni saruji. Watu wawili wamechanika misuli ya nyuma ya paja mwaka huu. Mwalimu anasema ni uvivu wa kujinyoosha.* — Mfanyakazi wa shamba la chai, Njombe

Huenda wanajinyoosha vya kutosha, ila wanajinyoosha mapema. Kuvuta misuli ya baridi na kuishikilia kwa nusu dakika hakuipashi moto. Njombe iko juu kiasi cha mita 2,000, na saa hiyo ya asubuhi mwili umetoka kitandani sasa hivi.

Anzeni na dakika 15 hadi 20 za mwendo: kukimbia taratibu mkiwa na viatu na sweta, kuruka kamba, kuzungusha nyonga, skwati za kina kidogo, kisha mateke ya kupeperusha mguu yakianzia usawa wa goti na kupanda kidogo kidogo. Jasho likitokea kwenye paji la uso, vueni viatu na sweta. Mateke ya juu yasubiri mpaka katikati ya mazoezi. Kule kujinyoosha kwa kushikilia kuhamishieni mwishoni.

Saruji baridi ina shida nyingine, ya nyayo na kano ya kisigino. Kama kuna uwanja wa nyasi, umande ukishakauka hamieni huko kwa mazoezi ya kuruka. Kama hakuna, mikeka ya plastiki inapunguza baridi ila inateleza mtu akigeuka. Itandikeni wakati wa kujinyoosha tu. Aliyechanika misuli asirudi kwenye mateke mpaka aweze kukimbia bila maumivu. Kwa mchaniko mdogo hiyo ni wiki mbili au tatu, na akiwahi, huchanika palepale.

*Walimu wetu, mtihani wetu utafanyika Dar es Salaam mwezi wa pili. Sisi tuko Uyole, hatujazoea joto. Mwaka jana wenzetu wawili walizidiwa katikati ya kumite. Kuna la kufanya?* — Senpai wa Uyole, Mbeya

Lipo, na lianze kabla hamjapanda basi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo kwa upande wa pumzi mnashuka mkiwa na faida, na wengi hushangaa mapafu yao yanavyokaa vizuri Dar. Kinachowaangusha ni joto likichanganyika na unyevu. Uyole jasho hukauka na kuupoza mwili. Dar mwezi wa pili linatiririka tu, halikauki, mwili unaendelea kuchemka na maji yanaisha.

Mwili huzoea joto kwa siku saba hadi kumi na nne za kufanya kazi ndani yake. Wachache wana uwezo wa kukaa Dar muda huo, basi siku kumi za mwisho fanyeni mazoezi saa nane mchana badala ya alfajiri, mkiwa na fulana ya mikono mirefu ndani ya gi (vazi la karate), dakika 40 tu, na maji karibu. Anayesikia kizunguzungu au baridi ya ghafla avue na akae kivulini, asionewe haya.

Barabara ya Mbeya hadi Dar inazidi kilomita 800. Fikeni angalau siku mbili kabla. Njiani watu hukwepa kunywa maji ili wasisumbue dereva, wakafika wakiwa wamekauka tayari; kunyweni kidogo kidogo, na basi likisimama shukeni mtembee. Laleni ndani ya chandarua. Mtu wa nyanda za juu huumwa na malaria kirahisi kuliko mwenyeji wa pwani, na homa ikianza wiki moja au zaidi baada ya kurudi, nendeni mkapime badala ya kusema ni uchovu wa safari.

Siku yenyewe, kojo liwe la rangi ya maji ya ndimu; likiwa la chai ya rangi umechelewa. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, au lita hiyohiyo kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Kunywa nusu lita saa mbili kabla, iliyobaki kwa mafunda. Kupasha misuli kule kwenu huchukua dakika 20. Dar dakika nane hadi kumi zinatosha, na kuzidisha ni kuchoma akiba. Bebeni gi mbili. Gi ya aunsi 12 hadi 14 inalia vizuri kwenye kata, lakini ikilowa huwa mzigo, basi ya aunsi nane iwe ya kumite. Futeni nyayo kabla ya kuitwa, maana sakafu iliyolowa jasho la watu thelathini haina huruma na anayegeuka haraka.

*Mimi nafeli kumite. Sijui kama nimshambulie mwenzangu kweli au nimwonee huruma. Mtahini alisema mashambulizi yangu "hayafiki".* — Mwanachuo, Iringa mjini

Kwa shodan wengi huulizwa jiyu ippon kumite: mshambuliaji anataja shambulio, analipiga mara moja, mlinzi anakinga na kujibu mara moja. Mashambulizi ya kawaida ni ngumi ya usoni, ngumi ya tumboni, mae-geri, yoko-geri kekomi na mawashi-geri.

Mtahini anawapima wote wawili, na huruma yako inamharibia mwenzako. Ukipiga ngumi inayoishia sentimita 20 mbele ya uso wake, hana cha kukinga. Akisimama tu bila kusogea atabaki salama, na ukingaji wake utaonekana maigizo. Lenga mahali alipo, kwa umbali ambao asiposogea utamgusa, na uwe na uwezo wa kusimamisha ngumi kwenye ngozi. Uwezo huo unajengwa kwa kupiga karatasi ya gazeti inayoning'inia: iguswe bila kuchanika.

Ukiwa mlinzi, usirudi nyuma mstari ulionyooka. Mshambuliaji mwenye hatua ndefu atakufikia. Toka kwa pembe ya nyuzi kama 45, kinga mguu ukitua, jibu kabla hajarudisha mkono. Ukishajibu jiondoe ukiwa bado unamtazama, mikono juu. Ukigeuza mgongo au kuanza kurekebisha mkanda umepoteza zanshin, yaani ule uangalifu unaobaki baada ya pigo, na mtahini anaandika.

*Nataka kujenga makiwara nyuma ya nyumba. Huku Mafinga mbao si tatizo. Vipimo vyake ni vipi, na paini inafaa?* — Fundi seremala, Mafinga

Swali zuri, na kwa fundi halina ugumu. Makiwara ni nguzo inayopinda ukiipiga na kurudi. Isiyopinda inaumiza kiwiko na bega, inayopinda mno haifundishi kitu.

Chukua mbao ya nne kwa nne yenye futi saba. Futi mbili na nusu zitakwenda ardhini, futi nne na nusu zibaki juu; kilele kiwe usawa wa kifua chako ukiwa umesimama zenkutsu-dachi. Upana wa inchi nne uache kama ulivyo kutoka chini hadi juu. Kinachopunguzwa ni unene: uso wa mbele ubaki umenyooka, uso wa nyuma uurande kwa mteremko kuanzia usawa wa ardhi hadi kileleni, ambako ubakize sentimita moja na nusu hadi mbili. Mteremko huo ndio springi yake. Ukirandia upande wa mbele, sehemu ya kupigia inalala nyuma na kifundo cha mkono kinapinda.

Paini ya Sao Hill inafaa ukichagua kipande chenye nyuzi zilizonyooka na kisicho na vifundo kwenye nusu ya juu, kwa sababu kifundo ndipo itakapokatikia. Iwe imekauka vizuri. Mlingoti hudumu zaidi lakini ni mgumu na hupasuka ukikauka haraka. Urande uwe mwembamba kidogo kuliko paini.

Sehemu ya ardhini ipake oili chafu mara mbili tatu kwa ajili ya mchwa, iache inywe. Kwenye shimo weka vipande viwili vya mbao au mawe makubwa: kimoja nyuma ya nguzo karibu na uso wa ardhi, kingine mbele yake chini kabisa. Ukipiga, kilele kinakwenda nyuma na kitako kinataka kuja mbele, hivyo vipande hivyo viwili vinaishika kotekote. Wengi huweka vyote nyuma, na baada ya mwezi nguzo imelala. Shindilia udongo kwa tabaka. Usimwage zege, maana nguzo ikioza utashindwa kuibadilisha.

Juu funga kamba ya katani iliyosokotwa, urefu wa sentimita 30, au ngozi nene. Mpira wa tyubu peke yake unateleza na kuchuna ngozi. Anza na ngumi 20 kila mkono kwa nguvu nusu, ukigonga kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati. Ongeza kumi kila wiki mbili. Kidonda kikitokea acha mpaka kipone, na kifundo kikivimba siku ya pili umezidisha. Watoto wasiiguse, mifupa yao ya vidole bado inakua.

*Mwanangu ana miaka kumi. Mwalimu wake anasema nikilipa ada ya mtihani atapata mkanda mweusi mwaka huu. Ana mwaka mmoja na nusu tangu aanze.* — Mama wa watoto watatu, Mbalizi

Mama, usilipe bado. Mtoto anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki huhitaji miaka mitatu minne au zaidi kufika hapo, na vyama vingi humpa mtoto daraja la vijana, linalopimwa upya akikua. Uliza mambo matatu: nani atakayetahini na ana dan ya ngapi kutoka chama gani, cheti kitatoka chama hicho na kitakuwa na namba ya usajili, na asipopita itakuwaje. Mwalimu akikwambia haiwezekani asipite, basi unauziwa mkanda.

*Nilianza Goju-ryu, nimehamia mji usio na Goju, kuna Shotokan tu. Mkanda wangu wa kahawia utatambuliwa?* — Mwalimu wa sekondari, Vwawa

Mara nyingi hapana, na afadhali usilazimishe. Goju husimama juu na kupigana karibu, na kata zake kama Sanchin na Tensho zinajengwa juu ya pumzi na msimamo mfupi wa sanchin-dachi. Shotokan itakutaka ushuke na urefushe hatua. Vaa mkanda mweupe kwa heshima ya dojo (ukumbi wa mazoezi) mpya, na mwalimu mwenye busara atakurusha madaraja ndani ya mwaka. Sanchin yako endelea nayo nyumbani, haigombani na chochote.

*Nina miaka 44, goti linauma nikikaa kiba-dachi muda mrefu. Niache?* — Msomaji wa Makambako

Tazama kwanza goti linaelekea wapi. Kwenye kiba-dachi nyayo zinatazama mbele, na magoti yasukumwe nje yawe juu ya vidole. Yakianguka ndani, goti linasokotwa huku limebeba uzito. Panda juu kidogo, punguza muda uwe sekunde 30 mara nne, na uimarishe misuli ya mbele ya paja kwa kukaa ukutani. Likivimba, likikwama au likikuachia ghafla unapotembea, nenda hospitali kabla ya kurudi kwenye dojo.

*Nimesikia mkanda mweusi haufuliwi, na kwamba zamani mkanda ulikuwa mweupe ukageuka mweusi kwa uchafu. Huku kwetu Tukuyu mvua haiishi, wangu umeota ukungu.* — Mkanda mweusi mpya, Tukuyu

Hadithi ya uchafu ni ya kuchangamsha watoto. Madaraja ya dan na mkanda mweusi yalitoka kwenye judo ya Jigoro Kano mwishoni mwa karne ya 19, na Gichin Funakoshi akayaingiza kwenye karate alipowapa wanafunzi wake shodan za kwanza mwaka 1924. Mkanda ulikuwa mweusi tangu siku ulipovaliwa.

Kutokufua ni desturi ya baadhi ya dojo, na ukungu hauheshimu desturi. Sugua kwa brashi kavu nje ya nyumba, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji na siki, nusu kwa nusu. Ukibidi kuufua, tumia maji baridi na sabuni kidogo, peke yake kwenye beseni kwa sababu utachuja rangi. Ukiuchanganya na gi utavaa ya kijivu. Usiukamue kwa kuusokota, kiini cha pamba kitajikunja na hautalala tena sawasawa. Uanike kivulini umenyooshwa, na kwa mvua za Tukuyu uache jikoni juu ya kamba, mbali kidogo na moshi. Pamba hunywea, basi kabla ya mtihani mwingine ufunge upime: ncha zote mbili zilingane, zikishuka sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fundo.